Paleti ya Zana Katika AutoCAD: Kilichomo na Kisichokuwemo

Katika makundi ya WhatsApp ya wasanifu majengo, mafundi sanifu na wachora ramani, kuna aina moja ya faili isiyokosa kutumwa kila baada ya muda. Ni faili lenye herufi XTP mwishoni mwa jina lake, likiwa na maelezo kwamba humo mna paleti kamili ya milango, madirisha, samani na vyoo, na kwamba atakayelipakua atachora kwa kasi asiyowahi kuwa nayo. Anayelipokea huliingiza kwenye AutoCAD, akaona picha ndogo zimepangika vizuri ubavuni mwa skrini, akabofya mlango ili auweke kwenye ukuta, na programu ikamjibu kwamba faili la mchoro linalohitajika halionekani. Hapo wapo wanaosema faili limeharibika, wapo wanaolaumu toleo la programu walilonalo, na wapo wanaoamua tangu siku hiyo kwamba paleti ni mapambo ya skrini ambayo mchoraji mzoefu hana haja nayo. Wote wamekosea, na wamekosea kwa sababu moja: wanadhani mlango umo ndani ya paleti.

Maneno machache yanahitaji kuwekwa sawa kabla ya kwenda mbele. AutoCAD ni programu ya kuchorea michoro ya kiufundi iliyotolewa na kampuni ya Autodesk kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na michoro yake huhifadhiwa katika mafaili ya DWG. Umbo linalorudiwarudiwa ndani ya mchoro, kama vile mlango, sinki au alama ya kaskazini, hukusanywa likawa kitu kimoja chenye jina lake, nacho huitwa bloku. Umbo la bloku huhifadhiwa mara moja tu ndani ya faili, hata kama limewekwa mahali arobaini, kwa kuwa kila mahali huandikwa nafasi, ukubwa na mwelekeo peke yake. Leya ni tabaka ambalo vitu vya aina moja huwekwa pamoja, kuta kwenye leya yao, milango kwenye leya yao, vipimo kwenye leya yao, ili viweze kupewa rangi na unene wa mstari kwa pamoja, au kufichwa pale visipohitajika. Hachi ni mistari au alama za kujazia eneo, kama zile zinazoonyesha zege, tofali au udongo kwenye mchoro wa mkato. Kiolezo ni faili tupu ambalo tayari lina leya, mitindo ya maandishi na mitindo ya vipimo inayotumika ofisini, ambalo mchoro mpya huanzia hapo.

Paleti ya zana, basi, ni dirisha linalokaa pembeni mwa eneo la kuchorea, lenye vichupo, na kila kichupo kina zana kadhaa za kubofya. Ilikuja na toleo la AutoCAD 2004, na hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl na 3 kwa pamoja. Zana inaweza kuwa bloku, hachi, jedwali, mchoro wa nje unaounganishwa, mstari wa kipimo wenye mtindo wake, au amri nzima ya programu. Ukiisakinisha programu utakuta tayari imejazwa sampuli zilizotoka kiwandani, na wengi huishia hapo: wanatazama sampuli, wanaona haziwahusu, wanafunga dirisha.

Sasa tuje kwenye kiini. Zana ya bloku haibebi bloku. Inabeba vitu vitatu: picha ndogo ya kuonyesha, anwani ya faili la DWG ambamo bloku hiyo imo, na maagizo ya namna ya kuiweka kwenye mchoro. Ni sawa na jina lililoandikwa kwenye daftari la namba za simu: mwenye jina hayumo daftarini, na akibadilisha namba bila kukuarifu, daftari litabaki safi kama lilivyokuwa lakini halitakufikisha kwake. Anwani inaweza kuwa, kwa mfano, D:\Maktaba\Milango.dwg. Kwenye kompyuta ya aliyetengeneza paleti, folda hiyo ipo. Kwenye kompyuta yako haipo, na pengine hata diski ya D haipo. Ndiyo maana faili la XTP peke yake, bila michoro inayoambatana nalo, halina mlango wa kukupa.

Jambo hili unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa dakika chache. Chukua paleti ile ile iliyokataa kutoa mlango, nenda kwenye kichupo cha hachi, bofya alama ya zege na uijaze mahali. Mara nyingi itakubali, kwa sababu hachi za kawaida zinatokana na mafaili ya michoro ya kujazia ambayo kila aliyesakinisha AutoCAD anayo. Zana za amri nazo zitakubali, kwa kuwa amri ni sehemu ya programu yenyewe. Kinachokataa ni kile kinachotegemea faili la mtu mwingine. Faili la paleti halikuwa na kasoro yoyote.

Kabla ya kueleza namna ya kutengeneza paleti inayofanya kazi, inafaa kuitenganisha na jirani zake, maana majina yamekaribiana na watu huyachanganya. Tangu toleo la 2020 kuna paleti ya bloku, inayojitokeza unapotoa amri ya kuingiza bloku. Hiyo huonyesha bloku zilizomo kwenye mchoro uliofungua, zile ulizotumia karibuni, na zile za maktaba uliyoielekeza, lakini haikuruhusu kuipa kila bloku leya yake ya kudumu. Kuna pia dirisha la kuchungulia ndani ya michoro mingine, DesignCenter, linalofunguliwa kwa Ctrl na 2, ambalo kazi yake ni kukuonyesha kilichomo ndani ya faili bila kulifungua. Na kuna ufupisho wa amri, ile tabia ya kuandika herufi moja au mbili na kubonyeza Enter, unaotokana na faili liitwalo acad.pgp. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachochukua nafasi ya paleti. Mchoraji anayejivunia kwamba anajua ufupisho wote kwa kichwa ana haki ya kujivunia, kwa kuwa kweli unaharakisha mistari, miduara na kukata. Ila ufupisho hauwezi kukumbuka kwamba mlango wa choo unakaa kwenye leya gani.

Na hapo ndipo faida ya paleti ilipo. Watu huihesabu kwa idadi ya mibofyo iliyookolewa, nami naona hesabu hiyo ni ndogo. Kila mara mchoraji anapoingiza mlango kwa njia ya kawaida, anafanya maamuzi kadhaa: abadili leya kwanza, atafute faili, achague kipimo, aamue kama ataupindua, kisha akumbuke kuirudisha leya aliyokuwa nayo. Akisahau la mwisho, ukuta unaofuata unachorwa kwenye leya ya milango, na kosa hilo litaonekana siku ya kuchapisha, wakati nusu ya kuta zimetoka na mstari mwembamba. Paleti iliyotengenezwa vizuri inafanya maamuzi hayo mara moja, na mtu mmoja, kwa niaba ya kila atakayebofya baadaye.

Maktaba ndiyo kazi ya kwanza

Kwa kuwa zana ni anwani, kazi ya kwanza ni kuzipanga nyumba ambazo anwani zitaelekea. Tengeneza folda moja ya maktaba, na ndani yake mafaili machache ya DWG yaliyogawanywa kwa mada: milango, madirisha, vyoo na mabomba, samani, umeme, alama za mchoro, eneo la nje. Kila faili liwe na bloku nyingi za mada yake. Ni rahisi zaidi kulitunza kuliko kuwa na mafaili mia mbili, kila moja na kitu kimoja.

Hapa ofisi za kwetu zina kazi ambayo haikufanywa na waliotengeneza sampuli. Sampuli za kiwandani hazina choo cha kuchuchumaa. Hazina karo na shimo lake la kunyonyea kwa vipimo tunavyovitumia, hazina mnara wa tangi la maji, hazina dirisha la alumini lenye grili kwa ndani, wala geti la kuteleza la mbele ya kiwanja. Mlango wa sampuli upo kwa namna mbili, wa vipimo vya inchi na wa vipimo vya metriki, na asiyesoma jina lililo chini ya picha huchukua wa kwanza anaouona. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu mjini Morogoro au Mombasa haiwezi kuchorwa kwa sampuli hizo. Kila kimojawapo kati ya vitu hivyo unavichora mara moja tu, kwa uangalifu, ukaviweka kwenye maktaba.

Uangalifu wenyewe unaanzia kwenye leya iitwayo 0. Mistari iliyochorwa kwenye leya 0 kabla ya kufanywa bloku ina tabia ya pekee: bloku ikiwekwa kwenye leya yoyote, mistari hiyo huchukua sifa za leya hiyo. Mistari iliyochorwa kwenye leya nyingine hubaki na leya yake popote iendapo. Wengi wanaolalamika kwamba wameipa zana leya ya milango lakini mlango unatoka na rangi isiyotakiwa, tatizo lao limeanzia hapa. Bloku ilichorwa kwenye leya fulani, au mistari ilipewa rangi moja kwa moja, na paleti haina uwezo wa kusahihisha kilichomo ndani ya bloku. Jambo la pili ni nukta ya kushikia. Mlango uushike kwenye kona ya bawaba upande wa ukuta, sinki ulishike katikati ya mgongo wake, kwa sababu hiyo ndiyo nukta itakayoning'inia kwenye mshale wa kipanya kila mara.

Pale ambapo umbo ni lilelile na ukubwa tu ndio unaobadilika, bloku badilifu, zilizoingia kwenye AutoCAD 2006, hupunguza msongamano: bloku moja ya mlango inaweza kubeba upana wa milimita 700, 800 na 900, ikachaguliwa baada ya kuwekwa.

Maagizo ndani ya zana

Maktaba ikishakamilika na kuhifadhiwa, kuijaza paleti ni kazi nyepesi. Unaweza kuburuta bloku kutoka kwenye mchoro uliohifadhiwa hadi juu ya paleti, au ukaliendea faili la maktaba kupitia Ctrl na 2, ukabofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kutengeneza paleti; kichupo kipya kitajitokeza kikiwa na bloku zote zilizomo ndani ya faili lile. Watu wengi huacha kazi hapo, na paleti yao inabaki kuwa orodha ya picha. Bofya kulia juu ya zana moja, fungua sifa zake, na utaona sehemu ambayo kwa kawaida huachwa bila kuguswa.

Tuchukue mlango wa chumba wa milimita 900. Kwenye sifa zake, leya iandike kuwa leya ya milango ya ofisi yako. Kuanzia hapo, ukiwa unachora kuta na ukabofya zana hiyo, mlango utaangukia kwenye leya yake, nawe utabaki kwenye leya ya kuta ulipokuwa. Kama leya hiyo haipo kwenye mchoro, itaundwa, ila usitegemee kwamba itakuja na rangi na unene wa mstari mliozoea. Hiyo ni kazi ya kiolezo, na paleti bila kiolezo ni nusu ya mpango. Sehemu inayoamua kama programu ikuulize mwelekeo wa kuizungusha bloku iweke kuwa ndiyo, kwa sababu mlango huelekea pande nyingi. Kwa sinki linalokaa sawa na ukuta wa mlalo mara nyingi, unaweza kuiweka sehemu hiyo kuwa hapana. Kuhusu kuivunja bloku iwe mistari mitupu wakati wa kuiweka, jibu liwe hapana daima. Bloku iliyovunjwa haihesabiki, na mkadiriaji majenzi anayetaka kujua jengo lina milango mingapi atalazimika kuhesabu kwa kidole.

Zana moja inaweza kunakiliwa ndani ya paleti na nakala ikapewa sifa tofauti, huku zote mbili zikielekea kwenye bloku ileile. Nakala moja ya sinki ikae kwenye leya ya vilivyopo, nyingine kwenye leya ya vipya, na mchoro wa ukarabati ukawa rahisi kusomeka. Hachi vivyo hivyo: hachi ya tofali kwa mchoro wa 1:100, yaani uliopunguzwa mara mia kwenye karatasi, na ya mchoro wa 1:20 ni hachi moja yenye vipimo viwili, na hakuna sababu ya kukisia namba hizo upya kila wiki.

Suala la vipimo vya bloku linahitaji subira kidogo, kwa maana ndipo penye malalamiko mengi. Ramani ya kiwanja inayotoka kwa mpima ardhi kwa kawaida iko katika mita. Mchoro wa jengo wa msanifu uko katika milimita. Mlango uliochorwa kwa vizio 900 ukiingizwa kwenye mchoro wa mita bila programu kujua tofauti hiyo, utakuwa na upana wa mita 900 na utafunika mtaa mzima. Programu hujua kwa kusoma kigezo kiitwacho INSUNITS, ambacho thamani yake ni 4 kwa milimita, 6 kwa mita, na 0 pale ambapo hakuna kizio kilichotajwa. Faili la maktaba likiwa na 4 na mchoro wa kiwanja ukiwa na 6, mlango utaingia ukiwa na upana wa 0.9 bila kuulizwa neno. Mojawapo ya mafaili hayo mawili likiwa na 0, programu hutumia dhana iliyowekwa kwenye mipangilio yake, na dhana hiyo inaweza isifanane na nia yako. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu paleti kwamba inatoa vitu vikubwa kama uwanja wa mpira au vidogo visivyoonekana, andika INSUNITS kwenye mstari wa amri katika mafaili yote mawili na usome namba zake.

Alama za mchoro, kama mshale wa kaskazini au duara la kuonyesha mkato, ni habari tofauti, kwa sababu ukubwa wake unahusu karatasi, si jengo. Mshale unaotakiwa uonekane na urefu wa milimita 15 kwenye karatasi ya 1:100 lazima uwe na urefu wa milimita 1500 ndani ya mchoro, na kwenye 1:50 uwe na 750. Sifa za zana zina nafasi ya kipimo cha ziada, ambapo unaweza kuiambia izidishe ukubwa wa alama kwa kipimo cha jumla cha vipimo vya mchoro (kigezo DIMSCALE). Ukiwa umeweka kipimo hicho kuwa 100, mshale wa 15 unatoka ukiwa 1500 wenyewe. Wanaotumia bloku zinazojirekebisha kulingana na kipimo cha karatasi, uwezo uliokuja na toleo la 2008, hawahitaji nafasi hiyo, na wakiitumia kwa pamoja na uwezo huo alama itazidishwa mara mbili.

Amri nazo zinaingia kwenye paleti, na nashangaa jinsi zinavyosahaulika. Ukiburuta mstari wa kipimo kutoka kwenye mchoro hadi kwenye paleti, unapata zana ya kupimia yenye mtindo na leya ya kipimo kile. Mfuatano mzima wa amri unaweza pia kuandikwa. Huu hapa husafisha vitu visivyotumika kwenye faili kisha hukagua makosa na kuyarekebisha:

^C^C_-PURGE;_A;*;_N;_AUDIT;_Y;

Alama mbili za mwanzo hukatisha amri yoyote iliyokuwa ikiendelea, nukta-mkato ni sawa na kubonyeza Enter, na mstari wa chini kabla ya jina la amri huifanya ieleweke hata kwenye programu iliyosakinishwa kwa lugha nyingine. Mchoro uliopita mikononi mwa washauri watatu, kila mmoja akiongeza leya zake, ukibofyewa zana hii mara moja au mbili kabla ya kutumwa, faili lake huwa jepesi kuonekana kwa macho.

Uzushi unaohusu mabadiliko

Lipo wazo lililoenea kwamba ukirekebisha bloku kwenye maktaba, michoro yote iliyowahi kuitumia itajirekebisha. Haifanyi hivyo. Bloku ikishaingia kwenye mchoro, umbo lake linahifadhiwa ndani ya mchoro huo na uhusiano na maktaba unakatika. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba hata ukiibofya zana upya, kama mchoro tayari una bloku yenye jina lilelile, programu itatumia umbo la zamani lililomo, si jipya lililoko maktabani. Mtu anarekebisha kiti cha choo, anabofya, anapata kile cha zamani, anarekebisha tena. Njia ya kutoka ipo: bofya kulia juu ya zana, chagua agizo liitwalo Redefine, na bloku zote za jina hilo ndani ya mchoro uliofunguliwa zitachukua umbo jipya. Fanya hivyo mchoro kwa mchoro, na kwa kutambua unachokifanya, kwa sababu mchoro ambao tayari umewasilishwa halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi haupaswi kubadilika kimyakimya.

Tabia hii ina upande mwingine unaopaswa kuwatia watu tahadhari. Kama ofisi mbili zinashirikiana na kila moja ina bloku iitwayo D1, moja ikiwa mlango wa 900 na nyingine wa 800, mchoro utakaopokelewa na ofisi ya pili utaendelea kutoa mlango wa ofisi ya kwanza kila zana ya D1 itakapobofywa. Jina refu kidogo linaloanza na herufi za ofisi linatosha kuzuia mkanganyiko huo.

Kuhusu toleo, paleti iliyotengenezwa kwenye toleo jipya haikusudiwi kutumika kwenye toleo la zamani zaidi, na ofisi yenye matoleo mchanganyiko inapaswa kutengenezea paleti zake kwenye lile la zamani kuliko yote. Wanaotumia AutoCAD LT wakiambiwa kwamba paleti si zao wasiamini, LT inazo.

Kushirikiana bila kuharibiana

Ofisi yenye seva ina njia iliyonyooka. Maktaba inakaa kwenye seva, folda ya paleti inakaa kwenye seva, na kila kompyuta inaelekezwa huko kupitia mipangilio ya programu, kwenye kichupo cha mafaili, mahali paitwapo Tool Palettes File Locations. Folda ya paleti ifanywe ya kusomwa tu kwa wote isipokuwa mmoja. Paleti iliyofungwa hivyo huonyesha alama ndogo ya kufuli, na hakuna atakayefuta zana kwa kidole kilichoteleza. Huyo mmoja awe anachora kila siku, kwa sababu msimamizi asiyechora hujaza paleti vitu anavyodhani vinahitajika. Wengine wanaotaka zana zao binafsi wanaongezewa folda ya pili kwenye kompyuta zao, kwa maana programu inakubali zaidi ya folda moja.

Ofisi ndogo isiyo na seva, yenye kompyuta mpakato tatu zinazohamahama kati ya mezani na eneo la ujenzi, ina changamoto ya anwani. Folda ya kuhifadhia mtandaoni hukaa ndani ya folda ya mtumiaji, na jina la mtumiaji ni tofauti kwenye kila kompyuta, hivyo zana iliyotengenezwa kwa mmoja inakwama kwa mwingine, tatizo lilelile la faili la WhatsApp. Suluhisho la kawaida ni kukubaliana folda moja iliyo juu kabisa ya diski, mathalani C:\Maktaba, iwe na jina hilohilo kwa kila mtu, na yaliyomo yasawazishwe humo. Ikiwa tayari una paleti yenye zana nyingi zilizoelekea pasipofaa, huhitaji kuzitengeneza upya. Zana huhifadhiwa kwenye mafaili ya ATC, ambayo ni maandishi ya kawaida. Funga AutoCAD, tunza nakala ya folda nzima pembeni, fungua faili la ATC kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, na ubadilishe anwani ya zamani kwa mpya mahali pote kwa mara moja.

Mpangilio wa kuonekana nao una uzito wake, ingawa si mkubwa kama watu wanavyoupa. Kichupo chenye picha themanini kinamchelewesha mtu kuliko folda ya kawaida, kwa kuwa jicho lazima lipite zote. Zana kumi na tano hadi ishirini kwa kichupo zinatosha kwa kazi nyingi, na vitu vinavyotumika mara moja kwa mwaka vibaki maktabani vichukuliwe kwa mkono. Vichupo vinaweza kukusanywa katika makundi, kundi la mchoro wa sakafu, kundi la mikato, kundi la mabomba, kundi la eneo la nje, na ukichagua kundi moja mengine yanajificha. Kukiondoa kichupo kwenye kundi hakukifuti. Kwa vitu ambavyo picha zake zinafanana, kama soketi na swichi za umeme, onyesho la orodha yenye majina ni bora kuliko picha, na kwa samani ni kinyume chake. Mwenye skrini ndogo aiache paleti ijifiche pembeni na ijitokeze mshale unapoigusa.

Siku ya kubadilisha kompyuta au kusakinisha toleo jipya ndiyo siku ambayo paleti nyingi hupotea, kwa sababu kwa kawaida hukaa ndani ya folda zilizofichwa za mtumiaji, mahali ambapo mtu anayenakili nyaraka zake kwenye diski ya nje hapafikii. Kabla ya siku hiyo, fungua mipangilio, soma anwani ya folda ya paleti, na uinakili folda yote pamoja na maktaba ya DWG. Kisha hamisha nje makundi kupitia dirisha la kurekebisha paleti, yapate faili lao la XPG. Kwenye kompyuta mpya rudisha maktaba kwanza, kwa anwani ileile, ndipo uielekeze programu kwenye folda ya paleti.